Ignatius wa Loyola, Mwanafunzi Mtu Mzima

Ndugu wasomaji, ninyi mlio bado madarasani na ninyi wenzangu mliokwisha kutoka zamani, katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya watu waliofaulu wakiwa vijana. Huyu alikuwa wa kwanza darasani tangu utoto, yule alipata shahada kabla hajaota ndevu. Habari hizo ni njema, nazo huwatia nguvu vijana. Lakini wako wanaobaki nje ya hadithi hizo. Wako waliotoka shuleni kwa kukosa ada, wako waliotafuta kazi mapema ili wawalee wadogo zao, na wako walioona tu kwamba wakati umekwisha wapita. Kwa ajili ya hao nimeona vema kusimulia maisha ya mtu aliyeanza kujifunza sarufi akiwa na umri wa miaka 33, akaingia chuo kikuu miaka miwili baadaye, na akapewa hati yake ya mwisho akikaribia miaka 44.

Jina lake ni Ignatius wa Loyola. Wengi wenu mnamfahamu kama Mtakatifu Inyasi, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti. Najua kwamba shule yetu ina watoto wa dini mbalimbali, nami sikushika kalamu ili nihubiri. Nataka tumtazame kwa upande mmoja tu, upande wa mwanafunzi. Tena ninayo sababu yangu mwenyewe ya kumchagua, nitaieleza mbele.

Ignatius alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya Loyola, karibu na mji wa Azpeitia, nchi ya Wabaski kaskazini ya Hispania. Jina alilopewa kwanza ni Iñigo. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi, na ukoo wao ulikuwa wa mabwana wenye ardhi na silaha. Siku zile kijana wa nyumba kama hiyo hakuhitaji elimu nyingi ya vitabu. Alipelekwa mji wa Arévalo, akalelewa katika nyumba ya Juan Velázquez de Cuéllar, mtunza hazina wa mfalme. Huko akajifunza kuandika kwa mwandiko mzuri, kupanda farasi, kutumia upanga, kucheza dansi, na kusema kwa adabu mbele ya wakubwa. Lakini Kilatini, lugha ya wasomi wote wa Ulaya wakati ule, hakukijua. Bila Kilatini hakuna mlango wa chuo kikuu uliokuwa wazi kwa mtu ye yote.

Mwaka 1517 mlezi wake alifariki, baada ya kuanguka cheo. Iñigo akaenda kumtumikia liwali wa Navarre. Mwaka 1521 jeshi la Wafaransa pamoja na watu wa Navarre wakaja kuushambulia mji wa Pamplona. Wakubwa wengi waliona heri kuisalimisha ngome, maana askari wao walikuwa wachache mno. Iñigo akawashawishi wapigane. Tarehe 20 Mei risasi ya mzinga ikampita katikati ya miguu, ikauvunja vibaya mguu wa kulia na kuujeruhi wa kushoto. Alipoanguka yeye, ngome nayo ikaanguka.

Wafaransa walimtendea kwa wema, wakamfunga majeraha na kumpeleka kwao Loyola. Kumbe mfupa ulikuwa umeungwa vibaya. Waganga wakauvunja tena na kuuunga upya, naye akakaribia kufa. Alipopona, mfupa mmoja ulitokeza chini ya goti, na mguu ukawa mfupi. Hapo akawaamuru waganga waukate mfupa ule, kwa kuwa alitaka kuvaa viatu virefu vya kubana vya wapanda farasi bila ya kuonekana kilema. Siku zile haikuwako dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Akavumilia. Hata hivyo alichechemea maisha yake yote.

Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wapanda farasi ili apitishe siku. Nyumba nzima haikuwa na hata kitabu kimoja cha namna hiyo. Vilivyopatikana ni maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akasoma hivyo hivyo kwa kukosa vingine, na mawazo yake yakageuka. Mwaka 1522 aliondoka nyumbani, akaenda Montserrat, akampa maskini nguo zake nzuri, akauacha upanga wake kanisani. Baadaye alikaa karibu mwaka mzima katika mji wa Manresa akiishi kwa kuomba, na mwaka 1523 akasafiri mpaka Yerusalemu. Nia yake ilikuwa akae huko siku zote. Lakini wakubwa wa watawa Wafransisko waliokuwa na amri juu ya wasafiri Wakristo hawakukubali, wakamwamuru arudi.

Basi hapo ndipo habari yetu inapoanza. Mtu huyu alirudi kutoka Yerusalemu hana mali, hana kazi, hana cheo, mguu wake mbovu, na lile alilolikusudia limekataliwa. Njiani alijiuliza afanye nini. Akaona kwamba akitaka kuwafaa watu, hapana budi asome. Ni neno jepesi kulisema. Lakini alikuwa na miaka 33, na katika nchi za Ulaya za karne ile wavulana walianza chuo kikuu wakiwa na miaka 14 au 15.

Mwaka 1524 alikwenda Barcelona. Mwalimu mmoja, Jeroni Ardèvol, akakubali kumfundisha Kilatini bila ya malipo, na mama mmoja wa mji ule, Isabel Roser, akaahidi kumsaidia kwa chakula. Akaanza na yale yale wanayoanza nayo watoto: kugeuza majina na vitenzi, kukariri, kusahau, na kukariri tena. Ninyi mlio katika madarasa ya chini mnaijua kazi hiyo. Lakini kwenu akili ni mbichi, neno likiingia linakaa. Kwa mtu mzima neno huingia asubuhi na jioni limekwisha toka.

Tena alipatwa na taabu nyingine ya ajabu. Kila alipofungua sarufi, mawazo mazuri ya dini yalimjia kwa wingi kuliko hata alipokuwa akisali. Yakamwondoa katika somo. Mwanzoni angeweza kusema ni mawazo mema, aache yaje. Lakini aliyapima akatambua kwamba yanamwibia saa za masomo. Akamwita mwalimu wake katika kanisa la Santa Maria del Mar, akamweleza yote, akaahidi mbele yake kwamba kwa miaka miwili hatakosa somo hata moja, maadamu apate mkate na maji. Tangu siku ile taabu hiyo ikaisha.

Wanafunzi, liangalieni sana jambo hili. Tumezoea kuonywa kwamba uvivu na starehe ndivyo vinavyopoteza masomo. Ni kweli. Lakini Ignatius atufundisha kwamba hata jambo jema, likija saa isiyo yake, huharibu. Kuna kijana anayekosa masomo kwa ajili ya mpira, kwaya, mikutano ya chama, au kumsaidia kila mtu aombaye msaada. Vyote ni vyema, ila kila kimoja kina saa yake.

Baada ya miaka miwili mwalimu wake akamwambia kwamba sasa aweza kwenda chuo kikuu. Mwaka 1526 akaenda Alcalá, ambako palikuwa na chuo kikuu kipya chenye sifa. Hapo alitaka kufidia miaka iliyopotea. Akaanza kusoma mantiki, elimu ya maumbile, na elimu ya dini, vyote kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo alizunguka mjini akiomba chakula na kuwafundisha watu sala. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Yeye alishika manne. Alisoma mengi lakini hakujua hata moja barabara. Mahakama ya dini nayo ikamshuku, maana alifundisha mambo ya imani hali hana hati ya elimu yo yote. Mwaka 1527 akafungwa gerezani siku 42. Hawakumwona na kosa, ila wakamwamuru avae kama wanafunzi wengine na asifundishe mambo ya imani mpaka atakapokuwa amesoma miaka mingine kadhaa. Akahamia Salamanca. Huko akafungwa tena siku 22, na mguu wake ukatiwa mnyororo pamoja na mwenzake.

Mtu mwingine angaliona kwamba basi, elimu si riziki yake. Ignatius alifanya hesabu nyingine. Aliona kwamba amejenga nyumba bila msingi. Akapakia vitabu vyake juu ya punda mdogo, akarudi Barcelona. Rafiki zake wakamsihi asiende mbali, maana Hispania na Ufaransa zilikuwa na vita. Hakuwasikiliza. Akatembea kwa miguu, peke yake, katika majira ya baridi, mguu wake ule ule mbovu, mpaka akafika Paris tarehe 2 Februari 1528. Wakati ule chuo kikuu cha Paris kilikuwa mashuhuri kuliko vyote katika Ulaya.

Na huko Paris alifanya nini? Akaanza tena Kilatini tangu mwanzo. Aliingia katika chuo cha Montaigu, akaketi darasani pamoja na watoto wadogo, akaisoma sarufi kwa taratibu ya chuo kile, hatua kwa hatua. Alikuwa na miaka 36 au 37. Alikwisha soma miaka minne, na katika miaka hiyo akapata na gereza mara mbili. Sasa anarudi katika darasa la watoto kwa hiari yake. Mimi nikitazama maisha yake yote, vita na mizinga na safari, sioni ushujaa mkubwa kuliko huu.

Hapa sasa nieleze ile sababu yangu. Mimi nilitoka shule hii nikiwa na cheti cha kidato cha nne. Baba alikuwa amefariki, na nyuma yangu walikuwako wanne. Nikapata mafunzo ya ualimu, nikafundisha shule za msingi miaka 17. Nilipokuwa na miaka 39 nikafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanywa na watu wazima, nikafaulu, na sasa niko mwaka wa pili hapa Kampala. Siku ya kwanza nilipoingia ukumbini, vijana wakasimama na kunyamaza. Walidhani mimi ndiye mhadhiri. Nilipopita na kuketi katikati yao walicheka, si kwa ubaya. Tangu siku hiyo jina langu ni Mzee. Mmoja wao nilimfundisha mimi mwenyewe kusoma saa alipokuwa darasa la nne. Leo yeye ndiye anayenifundisha takwimu kila Alhamisi jioni, na bado ananiamkia Shikamoo Mwalimu kabla hatujafungua daftari.

Ndiyo maana nilipoisoma habari ya Sainte-Barbe niliifunga kwanza nikapumua. Maana mwaka 1529 Ignatius alihamia chuo cha Sainte-Barbe kusoma falsafa, akapewa chumba kimoja na vijana wawili. Wa kwanza aliitwa Pierre Favre, mtoto wa wakulima wa Savoie, aliyechunga kondoo utotoni. Wa pili aliitwa Francis Xavier, mtoto wa nyumba kubwa ya Navarre. Wote wawili walizaliwa mwaka 1506. Walikuwa na miaka 23, naye 38. Mwalimu wao, Juan Peña, akamwagiza Favre amrudie Ignatius masomo ya Aristotle. Basi kila siku kijana wa kondoo alimfundisha yule askari wa zamani wa liwali, na askari akasikiliza. Kuhusu Xavier, kaka zake walikuwa upande wa maadui katika vita vile vya Navarre ambamo Ignatius alivunjwa mguu. Chumba kimoja kikawaweka pamoja.

Tusidhani kwamba maisha yalikuwa mepesi. Alipofika Paris alikuwa na hati ya fedha kutoka kwa rafiki zake wa Barcelona, akaibadili akapata vipande 25 vya dhahabu. Akamwekesha Mhispania mmoja waliyekaa nyumba moja. Yule bwana akazitumia zote, wala hakuwa na cha kulipa. Ignatius akahamia nyumba ya maskini ya Saint-Jacques. Ilikuwa mbali na chuo, tena mlango wake ulifungwa kwa kengele ya jioni na kufunguliwa kulipokucha, hali masomo yalianza kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo alikosa kipindi cha kwanza na cha mwisho. Akatafuta mwalimu wa kumtumikia kazi za nyumbani ili apate kula na kusoma, kama walivyofanya wanafunzi wengine maskini. Hakupata hata mmoja.

Ndipo mtawa mmoja akampa shauri. Akamwambia aende kila mwaka Flanders, kwa wafanya biashara wa Kihispania wa mji wa Bruges na miji mingine, apoteze muda usiozidi miezi miwili akiomba, na kwa zile atakazopata asome mwaka mzima. Alifanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Mara moja alivuka bahari mpaka Uingereza, na mwaka ule akapata zaidi kuliko miaka mingine. Baadaye wale matajiri wakawa wanampelekea fedha Paris bila ya yeye kwenda. Kwa njia hiyo alipata kusoma, na pia kuwasaidia wanafunzi wenzake wenye shida.

Na yule aliyezila fedha zake? Yule bwana aliondoka Paris akitaka kurudi Hispania, akaugua katika mji wa Rouen. Akamwandikia Ignatius kumwomba msaada. Ignatius akatembea kwenda kwake, zaidi ya kilometa 100, siku tatu, bila viatu, bila kula wala kunywa. Akamtia moyo, akamtafutia jahazi, akampa na barua za kumpeleka kwa rafiki zake. Wengi wetu tungemwandikia jibu la namna nyingine.

Inasimuliwa pia kwamba katika chuo cha Sainte-Barbe ilikuwako adhabu ya aibu kuu. Mwanafunzi mkosaji aliitwa ukumbini mbele ya chuo kizima, na walimu wakamchapa mmoja mmoja. Mkuu wa chuo, Diogo de Gouveia, aliamuru Ignatius aadhibiwe hivyo, maana wanafunzi waliomfuata siku za Jumapili kwenda kusali walikuwa hawahudhurii midahalo ya chuo. Fikirini, mtu wa miaka karibu 40, aliyepigana vita, achapwe mbele ya wavulana. Ignatius hakukimbia. Alikwenda chumbani kwa mkuu, akamweleza kwa upole kwamba kwa nafsi yake haogopi fimbo wala aibu, lakini anawahofia wale vijana, wasije wakaliacha jambo jema kwa kuona linaadhibiwa. Mkuu akamshika mkono, akamwingiza ukumbini ambako wote walikuwa wakingoja, na badala ya kuamuru achapwe akapiga magoti mbele yake na kumwomba radhi.

Mawazo yale ya Barcelona yalimrudia Paris, naye akayatibu kwa dawa ile ile: alimwahidi mwalimu Peña kuwa hatakosa masomo. Tena wakati wa kusoma falsafa alikusudia kuwashika marafiki aliokwisha kuwa nao tu, asitafute wengine, mpaka amalize. Mwaka 1532 akafaulu mtihani wa kwanza wa shahada. Mwaka 1533 akafaulu wa pili, ambao ulimpa ruhusa ya kufundisha. Gharama za mtihani ule zilipita uwezo wake, hata akamwandikia Inés Pascual, mama mwingine wa Barcelona, kumwomba msaada. Hati yake ya umahiri ilitolewa Machi mwaka 1535. Tangu alipofungua sarufi Barcelona ilikuwa imepita miaka kumi na moja.

Hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Wenzake wengine walikuwa wepesi kuliko yeye, na Diego Laínez, aliyekuwa rafiki yake huko huko Paris, alimpita mbali kwa elimu. Wala hakutoka bila hasara. Maumivu ya tumbo yalimshika Paris yakamfuata mpaka kufa. Mwaka 1535 waganga hawakuwa na dawa nyingine ila kumwambia arudi akapate hewa ya kwao, na wenzake wakamnunulia farasi mdogo.

Lakini tazameni matunda. Tarehe 15 Agosti 1534, juu ya kilima cha Montmartre, watu saba waliweka nadhiri pamoja. Wote walikuwa wanafunzi wa Paris, na kati yao walikuwamo wale wawili wa chumba kimoja. Mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu akalithibitisha shirika lao. Francis Xavier aliondoka Lisbon mwaka 1541 kwenda Bara Hindi. Jahazi lao likangoja upepo Msumbiji miezi mingi, na mwaka 1542 likapita Malindi, mji wa Waswahili, ambako Xavier alizungumza na Waislamu wa pale habari za sala. Hivyo mtu aliyelala chumba kimoja na mwanafunzi wetu mzee alikanyaga pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, karibu karne tano zilizopita.

Ignatius mwenyewe alibaki Roma, akiongoza kwa barua. Mwaka 1548 shirika lake likafungua shule Messina, katika kisiwa cha Sicilia, na mwaka 1551 likafungua nyingine Roma, ambayo baadaye ilikua ikawa Chuo Kikuu cha Gregoriana. Wanafunzi hawakudaiwa ada. Alipofariki tarehe 31 Julai 1556, shule na vyuo vyao vilikuwa vimezidi 30.

Jambo linalonigusa ni hili. Katika kanuni alizoziandika kwa ajili ya vyuo hivyo, naziona taabu zake zote zimegeuzwa kuwa msaada kwa wengine. Kwa kuwa huko Alcalá alichanganya masomo, akaagiza masomo yafuatane kwa taratibu, lugha kwanza, kisha falsafa, kisha elimu ya dini. Kwa kuwa aliombaomba Flanders, akataka vyuo viwe na mapato yake, ili mwanafunzi asiache kitabu kwenda kutafuta chakula. Kwa kuwa aliiharibu afya yake, akakataza wanafunzi wasijitese kwa kufunga na kukesha kupita kiasi. Mtu aliyesoma kwa shida akiwa mkubwa aliyajua mahitaji ya mwanafunzi kuliko wale waliopita njia laini.

Sasa, ndugu zangu tuliotoka zamani, nisije nikawadanganya. Ignatius hakuwa na mke wala watoto. Hakuna aliyemngoja nyumbani na orodha ya madaftari na sare. Sisi tunao. Mke wangu analima na kuuza mboga sokoni, na mimi likizo zangu zote nafundisha tuisheni. Hiyo ndiyo Flanders yangu. Muhula mmoja nilikaa wiki sita bila kujua kama nitarudi. Kwa hiyo siwaambii kwamba kila mtu aache kazi akimbilie chuo. Ninalosema ni kwamba umri peke yake si sababu. Ukiwa na sababu nyingine, ipime. Lakini ukijificha nyuma ya umri, mtu huyu mwenye mguu mfupi anakukatalia.

Yako mambo matatu niliyoyapata kwake. La kwanza, ukiona msingi ni mbovu, rudi chini uujenge upya, hata kama majirani watacheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. La pili, kubali kufundishwa na mdogo wako. Heshima yako haitapungua. Favre alimfundisha Ignatius falsafa, na bado alimwona kuwa mkubwa wake katika mengine yote. La tatu, hesabu gharama mapema, utafute Bruges yako kabla njaa haijakufikia darasani.

Nanyi wadogo zetu mlio madarasani leo, mnayo miaka ambayo Ignatius aliitafuta kwa kuombaomba. Msiitupe. Na siku mtakapoingia chuo kikuu mkamkuta mtu mwenye mvi ameketi benchi la mbele akinakili polepole, msimcheke sana. Msogeleeni, mwulizeni kama amepata somo la jana, na kama hakulipata mwazimeni daftari.

Wenzangu, vile vyeti vyetu vya zamani viko chini ya masanduku. Vitoeni mvitazame. Tarehe zake ni za zamani, lakini bado ni halali.

Mwanafunzi wa zamani, Kampala